Usiku wa kwanza kwa bibi nilisukumia gunia mlangoni

Kuna kitu kwa miaka mingi nilikuwa naona aibu kukisema hata kwa mke wangu. Usiku wa kwanza kulala kwa bibi yangu mzaa baba, mwaka 2009, sikula. Bibi alipika ugali wa mtama, kachinja na kuku mzima kwa ajili yangu, mi nikasema tumbo linaniuma safari ilikuwa ndefu, nikaingia chumbani nikafunga komeo alafu nikasukumia na gunia la karanga mlangoni. Kijana wa miaka 19, nina ndevu mbili tatu, mtoto wa Mbagala ninayejiona mjanja, namwogopa bibi kizee ambaye hata kilo hamsini hafiki.

Nilimwogopa kwa sababu ya macho yake. Yalikuwa mekundu, mekundu kweli, na yanatoa machozi, na yule bibi akikuangalia anakodoa kwanza maana haoni vizuri. Na mi nilikuwa nimeshaambiwa tangu mdogo macho mekundu ya bibi kizee wa Usukumani maana yake nini.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo. Mtaa niliokulia Mbagala ulikuwa wa wapangaji, watu wamekuja kutafuta maisha, na mtu anayekuja mjini kutafuta maisha haji na mama yake mgongoni. Kwa hiyo wazee hatukuwa nao. Sensa ya 2012 ilihesabu wenye miaka 60 kwenda juu kama milioni 2.5 nchi nzima, yaani kwenye watu 100 ni watano sita hivi, na wengi wao wako vijijini, so unaweza kukua Dar mpaka ukaota ndevu hujawahi kukaa na mzee sebule moja. Bibi mzaa mama alifariki sijazaliwa. Mzee pekee wa mtaani kwetu alikuwa fundi viatu pale kona, tunapita mbio tunamrushia shikamoo, anajibu marahaba bila kuinua macho kwenye kiatu, basi imeisha hiyo. Nilishawaamkia wazee labda mara elfu kumi maishani, lakini ungeniuliza nitajie kitu kimoja alichowahi kuniambia mzee yeyote zaidi ya marahaba hujambo, sina. Shikamoo ni nzuri sikatai, na wanangu wanaamkia, ila kwangu mimi ilikuwa kama senyenge, unapita pembeni yake haraka haraka na ukishapita umemaliza.

Kwa hiyo nilichokijua kuhusu wazee kilitoka wapi? Filamu za kichawi, zile ambazo bibi lazima awe na ungo na shuka jeusi. Na magazeti. Miaka ile kila baada ya muda unasikia vikongwe wameuawa kanda ya ziwa kwa tuhuma za uchawi, na mwandishi haachi kutaja macho mekundu, na sisi tunasoma vichwa vya habari kwenye meza ya muuza magazeti tunasema duh, huko kwao na baba yetu kuna wachawi hatari. Angalia vizuri hapo, watu wameuawa na sisi tunaowaogopa ni waliouawa.

Matokeo ya fomfoo yakatoka, nimepata divisheni foo ya mwisho mwisho, na kampani yangu ya kijiweni ilikuwa imeshaanza kunuka bangi. Baba hakugomba sana, alinunua tiketi ya basi tu. Mpaka Shinyanga mjini, kutoka pale haisi imejaa mpaka kuku wanalalamika, alafu baiskeli kilomita kama tisa. Nikafika kwa bibi jioni na mengine nimeshasimulia.

Asubuhi naamka nakuta majirani wawili wamama wamekuja kumwona mgeni. Nikawaamkia kwa adabu zangu zote. Bibi akawaangalia akasema kwa Kiswahili chake kile cha kukanyaga maneno, "Mume wangu huyu. Nimempikia kuku hakugusa. Sijui chakula cha mke mzee hakinogi." Wale wamama wakacheka mpaka wakashikana mabega, mi nikatamani ardhi ipasuke. Sikujua utani. Watu waliokua na bibi zao wanaujua tangu wananyonya, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, wa kike ni mke wa babu, na humo humo unachambwa, unadaiwa kanga, unadaiwa nyama. Mimi hakuna aliyewahi kunitania hivo. Nikabaki nimesimama kama nguzo, na bibi akaendelea, "Mume gani, katoka Dar es Salaam nzima hajaleta hata kipande cha sabuni."

Jioni ile nikaenda dukani nikanunua mche mmoja wa sabuni. Sijui hata kwa nini, nadhani nilikuwa najitetea. Nilipompa akaupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akasema haya mume, leo utakula? Nikasema nitakula kesho. Aisee.

Nilikula siku ya tatu na sababu siyo kwamba woga uliisha. Ni jembe. Ilikuwa mwezi wa tatu, palizi ya pamba, bibi kaniamsha saa kumi na moja alfajiri, tumelima mpaka jua limesimama kichwani, yeye mwenye miaka sitini na kitu kaniacha nyuma mistari minne na kila akigeuka anauliza unalima au unachimba kaburi. Tukarudi nyumbani kuna matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga kwenye sinia, nikala nikala nikaomba na maji. Njaa ya jembe haiulizi nani kapika.

Na hapo sasa ndo tukaanza kuongea, shambani, maana ukilima sambamba na mtu hamuangaliani usoni na maneno yanatoka yenyewe. Miaka yake alikuwa haijui kwa tarehe, aliipima kwa mambo yaliyotokea. Uhuru ulimkuta msichana wa kubeba maji kichwani. Baba alizaliwa mwaka wa Azimio la Arusha. Alinionesha mbuyu kwa mbali akasema pale ndo ilikuwa nyumba yetu ya kwanza, mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji tukaambiwa tuhame tukae pamoja, tukabomoa, tukabeba milango kichwani. Akanisimulia miaka ya mwanzoni mwa themanini sabuni ilivyopotea nchi nzima wakawa wanafulia majani ya mpapai, na hapo nikaelewa kwa nini ule mche aliunusa kwanza.

Sitaki nimfanye malaika lakini, maana watu tukisimulia bibi zetu tunawapaka asali. Bibi alikuwa mchoyo wa sukari, anaifungia kwenye sanduku la bati na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Alinusa ugoro anapiga chafya kama bunduki. Na akishaamua kwamba umekosea hata umletee mashahidi kumi hataki, kuna jogoo nilisingiziwa nimemwacha nje akaliwa na kicheche na kesi hiyo mpaka leo haijafutwa.

Siku iliyobadilisha kitu kikubwa kabisa ni tarehe 29 Aprili mwaka huo huo. Walio Dar wanaikumbuka, ghala la silaha la kambi ya jeshi Mbagala lililipuka mchana, mabomu yakawa yanaruka yanaangukia kwenye nyumba za watu, wakafa zaidi ya watu 20. Sisi tulisikia redioni jioni. Bibi alikuwa na redio yake ndogo ya betri tatu inaning'inia kwenye nguzo ya jiko, mtangazaji akataja Mbagala mara moja, mara mbili, mi nikasimama. Nyumbani ni pale pale, siyo karibu na pale, ni pale.

Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo ila mtandao ulikuwa haupatikani mpaka upande juu ya kichuguu fulani nyuma ya majaruba ya mpunga, mwendo wa dakika ishirini. Giza limeingia. Bibi hakusema subiri asubuhi, alichukua kanga akajifunga, akachukua kijinga cha moto cha kuangazia, akatangulia. Haoni vizuri yule lakini ile njia aliijua kwa miguu. Nikapanda kichuguuni nikapiga ya baba, haipatikani, ya mama haipatikani, shangazi haipatikani, mpaka chaji ikaisha. Tukakaa chini pale pale. Nikalia bwana, nisidanganye.

Yeye hakunibembeleza kama mtoto. Baada ya muda mrefu akaanza tu kuongea, kwamba Oktoba 1978 Amin alipoingia Kagera babu alikuwa mgambo, likaja lori wakamchukua, na yeye akabaki na watoto wanne na ujauzito. Miezi inapita hakuna barua. Redio hawana, jirani mwenye redio anasema Tanzania inashinda lakini redio haisemi babu yuko wapi. Nikamuuliza ulifanya nini. Akasema, "Nililima. Ungefanya nini?" Alafu akacheka akasema babu alirudi siku moja kwa miguu kutoka stesheni, ana ndevu kama mganga, kabeba redio kutoka Uganda, na yeye aliponiambia hivo akaongeza kwamba hakuwahi kumuuliza aliinunua au vipi.

Tulirudi nyumbani kama saa saba usiku. Kesho yake saa kumi jioni baada ya kuchajisha simu kule senta kwa shilingi 300 nikampata baba. Nyumba imepasuka ukuta, mdogo wangu alipotea wakati wa kukimbia akapatikana siku ya pili, wote wazima. Usiku huo nililala mlango wazi. Lile gunia la karanga lilikuwa limeshaanza kuliwa hata hivyo.

Sasa kuna jambo linanisumbua mpaka leo. Wakati mimi woga unanitoka, pale kijijini kulikuwa na vijana wa rika langu, wamezaliwa pale, wanapita mbele ya nyumba ya bibi kila siku ya Mungu, na wao ndo walikuwa wanamwita nogi, yaani mchawi. Nilikuja kugundua kwa mahindi. Dogo mmoja wa jirani alinisindikiza kutoka kisimani, tumefika kwenye ua wa minyaa akasimama. Nikamwambia ingia kuna mahindi ya kuchemsha. Akakataa. Nikambana sana ndo akasema mama kakataza, usile kwa yule bibi. Miaka kumi anaishi hatua hamsini kutoka kwa bibi na hajawahi kuingia ndani ya ule ua. Kwa hiyo ukaribu wa hatua peke yake hauna maana yoyote, mi nilikuwa kilomita elfu moja na yeye hatua hamsini na tulikuwa tunajua kitu kile kile, yaani tulikuwa hatujui kitu.

Na kuna wa aina nyingine ambaye ndo mbaya zaidi. Maneno yenyewe nilipoyafuatilia yalitoka kwa mtoto wa mdogo wake babu, mtu mzima ana familia, ambaye bibi alimbeba mgongoni baada ya mama yake kufa. Huyu alikula kwa bibi, alilala kwa bibi, anamjua bibi kuliko mimi nitakavyowahi kumjua. Ila kulikuwa na majaruba matatu ya mpunga kule bondeni, ambayo babu alimwachia bibi, na jamaa aliona mwanamke mjane anayatakia nini. Ndama wa mtu akifa, neno. Mtoto akiharisha, neno. Tuna Sheria ya Uchawi tangu 1928, kumwita mtu mchawi ni kosa, lakini nani anakwenda polisi kushtaki mnong'ono? So mtu akiniambia ukikaa na wazee utawapenda, namwambia inategemea unakaa nao ukiwa unamezea mate nini.

Mwezi wa nane bibi akaugua, malaria alafu mguu ukavimba, wiki tatu hawezi kuinama. Jikoni nikaingia mimi. Jiko la bibi lilikuwa kibanda cha nyasi, mafiga matatu, dirisha hakuna, mlango wa kuinama. Na kuni sasa. Shinyanga kuni ni shida ya kihistoria, misitu ilikatwa tangu wakoloni, ili kufukuza mbung'o na kulima pamba, mpaka serikali ikaja kuanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 wa kurudisha miti na ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotunzwa kwa akiba. Pale kwetu miti ilikuwa bado haijarudi, kwa hiyo tulipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe makavu. Anayeyajua anayajua. Mabua yanawaka faa yanaisha, lazima ukae pale pale unasukumia, mavi yenyewe hayawaki, yanafuka, moshi mzito wa njano unakujia usoni na ugali hauwezi kuuacha ukatoka nje kupumua. Siku ya kwanza nilitoka nalia kamasi hizi hapa. Bibi kutoka kitandani anauliza mume wangu nani kafa.

Nilipika wiki tatu, asubuhi na jioni. Mwishoni nikaenda kunyoa senta, kinyozi wa chini ya mwembe, ana kioo kimoja kakitundika kwenye msumari. Nikakaa kwenye stuli nikainua uso. Sikiliza, nilishtuka mpaka jamaa akaondoa mashine kichwani. Macho yalikuwa yale. Yale yale ya bibi, mekundu kama nyanya, kope zimevimba, machozi yanatoka bila kulia. Na kwenye benchi nyuma yangu kuna vijana watatu, mmoja akasema, "Ngosha, na wewe bibi kashakurithisha nini?" Wakacheka. Nikacheka na mimi maana ningefanyaje, lakini njiani nikawa nahesabu. Mimi wiki tatu. Yeye tangu anaolewa, miaka zaidi ya arobaini, mara mbili kwa siku.

Na usifikiri ni ushamba wa kwetu tu. Miaka ya baadaye nilifanya kazi Kariakoo na jamaa Mgiriama wa Kilifi, Kenya, akaniambia kwao siyo macho, ni mvi. Wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi, na wengine wanapaka rangi nyeusi kichwani ili wasijulikane wamezeeka, na mara nyingi chini ya hilo neno kuna shamba. Kwetu majaruba. Nilimwangalia tukanyamaza wote.

Nikirudi kwa wale vijana wa kwa kinyozi. Mi nilikuwa najua kutengeneza baiskeli, nilijifunza Mbagala, na pale kijijini fundi alikuwa mbali. Wakaanza kuja mmoja mmoja, mwanzoni wanasimama nje ya minyaa wananiita nitoke, nikasema spana ziko ndani siwezi kubeba boksi zima, ingieni. Sikuwa na mpango wowote wa kupatanisha vizazi, ulikuwa uvivu wangu tu wa kubeba vitu. Wakawa wanaingia. Bibi keshapona, anapita na fimbo yake, anawauliza wewe mtoto wa nani, akishajua anaanza, babu yako alikuwa mwizi wa mbuzi, bibi yako tulicheza naye ngoma moja, baba yako alizaliwa usiku wa mvua nikamkata kitovu mimi. Aliwajua wote. Alijua koo zao kuliko wao. Na kabla sijamaliza kuziba pancha yuko mtu anatafuna michembe, vile viazi vitamu vikavu, na kusahau alichoambiwa na mama yake.

Sisemi baiskeli ilimaliza uchawi. Kuna mmoja hakuingia mpaka naondoka, alikuwa anasimama kwenye ua anarusha hela chini. Na Novemba kuna usiku mawe yalipigwa juu ya bati, matatu, tukakaa kimya gizani tumeshikana mikono mimi na bibi mpaka wakaondoka. Kilichokata maneno ni baraza la ardhi la kata lilipoamua majaruba ni ya bibi, basi yule ndugu akahamia kwingine na uchawi ukahama naye. Ila baada ya ule usiku wa mawe, vijana wawili wa baiskeli walikuja wenyewe jioni na blanketi zao, wakasema tunalala hapa kwenye kibaraza. Hawakueleza na mi sikuuliza. Walilala wiki nzima na bibi akawadai sabuni na wao.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu kuwabagua watu kwa umri, wanasema karibu nusu ya watu duniani wana mtazamo mbaya juu ya wazee, na dawa walizotaja ni tatu, sera na sheria, elimu, na kukutanisha vizazi. Niliposoma hiyo ya tatu nilicheka peke yangu kwenye daladala nikikumbuka boksi la spana. Sheria ya Uchawi tunayo, sera ya taifa ya wazee ipo tangu 2003. Hiyo ya tatu ndo huwezi kuibandika ukutani.

Na mimi ninayejifanya nimeelimika, yakanikuta nyumbani kwangu mwenyewe. Mwaka 2017 nilimleta bibi Dar, mtoto wa jicho ulikuwa umemzidi. Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Bibi anaingia mlangoni na fimbo yake na yale macho, mtoto akakimbilia nyuma ya kochi. Nikamvuta, nikamwambia mwamkie bibi, sema shikamoo, mpe mkono, nikamsukuma kabisa, akapiga kelele mpaka wapangaji wakatoka. Usiku ananiuliza kwa sauti ya chini, baba, yule bibi ni mchawi? Sikulala. Sijawahi kutamka neno uchawi ndani ya nyumba yangu. Lakini sikuwahi kutamka na lingine pia, stori zote hizi za kichuguu na redio nilikuwa nimezifungia kama ile sukari, na mtoto akabaki na katuni.

Mke wangu ndo alikuwa na akili. Akasema mwache, usimlazimishe. Kesho yake akaweka ungo wa mchele katikati ya sebule, bibi upande huu, yeye upande ule, wanachambua. Bibi anamwita mke mwenzangu, wanateta kuhusu mimi mume wao nisiyeleta nyama. Mtoto akasogea kusikia umbea, nani asiyependa umbea. Bibi haoni mawe, akasema jamani mwenye macho mazuri nani humu. Basi yule mtoto akawa ndo macho. Anatoa jiwe anamwonesha, bibi anasema hilo kubwa, hilo tungevunjika meno wote. Mpaka Alhamisi mtoto anauliza kwa nini unamwita baba mume wako. Bibi akamwambia, "Baba yako si mume wangu? Kwa hiyo wewe mwanangu. Njoo unyonye." Alicheka yule mtoto mpaka akakojoa.

Hospitali sitaisema ni ipi. Kuna dirisha limeandikwa wazee kwanza na mbele yake wamejazana vijana, tukasimama saa mbili na nusu. Tulipoingia, dada wa mapokezi akaniuliza mimi, anaumwa nini huyu? Bibi akamjibu, "Niulize mwenyewe. Mabovu macho, mdomo mzima." Daktari alikuwa mtu mzuri, akamfanyia jicho moja kisha la pili, uoni ukarudi, ila wekundu akasema hautaisha wote, ni moshi wa miaka mingi na makovu ya trakoma ya zamani. Binti yangu alikuwepo wakati anaeleza. Wiki iliyofuata nikamsikia nje anamgombeza mtoto wa jirani, "Siyo uchawi, ni moshi, mjinga wewe." Hilo neno mjinga kajifunza kwa bibi, najua.

Bibi alirudi kwake baada ya miezi minne, mji ulimchosha, anasema Dar watu wanaamkia kama wanakimbizwa. Mwaka juzi nilimpelekea mtungi mdogo wa gesi na jiko lake, nikamfundisha kuwasha. Anachemshia chai tu. Ugali wa gesi anasema haushiki, kwa hiyo kila jioni yuko kibandani kwake na mabua, na mi nimegomba mpaka nimechoka.

Binti sasa mkubwa, Jumapili anapiga simu yeye mwenyewe anaweka sauti kubwa. Juzi anamuuliza, bibi macho vipi? Bibi akasema, "Mekundu. Mwambie mume wangu alete sabuni, asipoleta nakuja usiku na ungo." Mtoto hata hakufikiria, akamjibu, "Njoo bibi, ila kwenye huo ungo weka na michembe."